Barua kwa Kapiteni wa Kuazima

Kapiteni, hiki ni kitabu cha tisa.
Wewe bado una miaka thelathini na minne, na meno yote.
Mimi nimebadilisha miwani mara tatu.

Masharti yao nimeyabandika juu ya jiko:
usife, usioe, usinyoe ndevu,
usitue kwenye sayari ambayo filamu haijaifikia.
Nimepewa wiki sita, kurasa mia mbili na kumi,
na huu umeme wa Katuba unaokuja kama mkwe:
dakika chache, bila kuvua koti.

Jina lako limechapwa kwa dhahabu.
Langu liko chini, karibu na bei.
Dada yangu Ngoie alilitafuta jalada zima,
akauliza, "Sasa hapa wewe ulifanya nini?"
Nilishona, nikamwambia.
Kitambaa chao, kipimo chao, sindano yangu.

Riwaya yangu mwenyewe imo katika katoni ya sabuni
chini ya kitanda. Panya wamefika sura ya nne.
Usiku nawasikia wakisoma.

Lakini katika kitabu cha tano nilikuibia nafasi.
Chombo chako kiliharibika nyuma ya mwezi wa tatu,
akahitajika fundi. Masharti hayakumtaja fundi yeyote.
Nikamwandika baba.
Nikampa kikohozi chake, kofia iliyoungua ukingoni,
na ile tabia ya kugonga bomba mara mbili,
kutega sikio, kisha kusema,
"Huyu hajafa, kanuna tu."

Miaka ishirini na sita baba aliyeyusha shaba
chini ya dohani ile inayoonekana mji mzima.
Kwenye daftari la Kampuni alikuwa 4417.
Jioni alirudi ananuka kiberiti,
akanawa, akala bukari na sombe kimya,
halafu akatutoa nje kutuonyesha nyota
juu ya kilima cha mavi ya shaba,
akiziita kwa majina aliyoyabuni mwenyewe.
Moja ilikuwa Bi Mkaidi. Nyingine, Deni.

Kwa kurasa kumi na moja hakuwa na namba.

Juzi wameandika: wasomaji wamempenda fundi.
Ataingia kwenye filamu, atauzwa akiwa sanamu ya plastiki.
Kifungu cha saba: kila anayezaliwa humu ni mali yao.
Nilikiona kifungu hicho, nikatia sahihi haraka,
karo ya Kyungu ilikuwa inadaiwa.
Katika barua yao hana jina. Ni F-12.

Baba, wamekuandikisha kazi tena.

Kapiteni, wewe sikulaumu. Na wewe hujapewa likizo.
Ila katika sura ya mwisho, utakapokuwa umelala,
fundi atagonga bomba mara mbili,
atatega sikio,
nami nitaikata sentensi papo hapo.
Alichosikia sikiandiki.
Kitakaa chini ya kitanda, pamoja na panya.