Pigo la Saba

Ghyslain alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku,
vumbi jeupe la alumini bado kwenye nyusi,
akakaa nyuma ya ngoma bila kuvua buti.
Nje, Jonquière ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri
na mto umefunga mdomo kwa barafu.
Ndani ya kanisa lililouzwa kwa bei ya lori kuukuu
nilisimika maikrofoni tatu palipokuwa madhabahu,
na moja kwenye kibanda cha kitubio,
maana humo ndimo Lucien alitaka kunguruma.
Alisema mbao zake zimeshasikia mabaya zaidi.

Watu watauliza: hii ni metali ya kifo, au ni nini?
Anouk hucheka. Sufuria ni moja:
kasi ya kunyofoa nyama mfupani,
halafu uzito wa polepole, wa kukokota maiti kwenye theluji,
halafu, bila hodi, gitaa la nyuzi za nailoni,
kama mtu anayefungua dirisha katikati ya ugomvi.
"Si kachumbari," anasema.
"Kila kitu lazima kimuumize mwenzake kidogo."

Wimbo wa tano una dakika kumi na nne.
Saba, saba, tano, saba:
Ghyslain anahesabu kwa taya.
Nilimuuliza aliuokota wapi mwendo huo unaochechemea.
Kwenye mashine namba kumi na moja, akasema.
Mkanda wake umelegea tangu mwaka wa mafuriko,
unapiga sita, unaikosa ya saba.
"Mimi napiga ile inayokosekana."

Kisha, dakika ya sita, wote wanne wakaingia njia moja:

Ngurumo yatoka chini, koo limekuwa jembe,
Lachimba humo mwilini, lafukua kila pembe,
Na ngoma za miguuni, zatimka kama ng'ombe,
Nani atatutuliza, tukishazoea moto?

Mistari minne tu iliyokaa sawa.
Anouk akaivunja kwa goti,
akakanyaga kidude cha sakafuni
na sauti ikamwagika kama bati kwenye ngazi.

Nyuma, kwenye benchi la mwisho, alikuwa Rosaire,
baba yake Ghyslain. Gari la kijana lilikataa kuwaka,
basi mzee akamleta, na akakaa kulalamikia kahawa.
Miaka thelathini na mmoja kwenye tanuru;
masikio aliyaacha huko pamoja na kofia.
Muziki wa mwanawe hajawahi kuusema vizuri
wala vibaya. Angeusema vipi?

Dakika ya tisa nikamwona ameegemea bomba la kupasha joto,
lile linalopita chini ya jukwaa.
Kiganja chote. Uso umekunjwa
kama mtu anayesoma bili.
Moja, mbili, kichwa kikitikisika,
tano, sita,
na hapo pa saba akainua kidole,
akangoja pengo.
Pengo halikuja.

"NAMBA KUMI NA MOJA!" akapiga kelele,
kwa sauti ya wasiojua sauti yao ni kubwa kiasi gani.
"Nani ameitengeneza?"

Maikrofoni zote zilikuwa wazi.
Lucien akatoka kibandani akidhani ameungua mtu.
Ghyslain hakuacha kupiga. Alikosea mara mbili, vibaya,
kisha akaurudia mwendo akitazama matoazi tu.

Wamenitaka niifute kelele ile.
Anouk anasema iache, Lucien anasema ni upuuzi,
Ghyslain hasemi, anauliza kama betri ya lori imepona.

Sikuifuta.
Nimeishusha tu, chini ya besi,
chini kabisa, mahali ambapo kiti
kitakuambia kabla ya sikio.