Boliti Nne

Mashine ilifika Jumanne, nyeupe kama jino la kununua,
pesa za Tsiala kutoka Bari, miezi saba ya kumwogesha
bibi Nunzia asiyejua hata jina la anayemwogesha.
Lifti ya jengo letu hula sarafu, na siku hiyo
ilikula zangu tatu ikanyamaza.
Tukaipandisha kwa ngazi, mimi na Bezhan wa mlango wa pili,
ghorofa ya nne, tukihema kama mivukuto,
yeye akimlaani kila aliyewahi kuyeyusha chuma,
mimi nikihesabu vidato.

Miaka mitano nimefua kwenye beseni,
mimi niliyeendesha treni za mizigo hadi Samtredia,
nikaanika kwenye kamba ya kapi ivukayo ua,
soksi zangu zikisafiri hadi jengo la mbele
na Kutaisi nzima ikizihesabu.
Mwanzoni walicheka: mwanamume anafua!
Kisha wake zao nao wakaondoka, mmoja mmoja,
na kamba zote zikajaa kazi ya wanaume:
shati limebanwa kolani, suruali imening'inizwa mguu mmoja.

Bomba la bafuni ni la zamani kuliko ndoa yangu.
Nilifunga koki kuu. Haikufunga.
Niliikaza mpaka ikalia, na bado tone,
tone,
kama shahidi mwenye neno moja tu.
Bezhan akazungusha tepu nyeupe kwenye meno ya bomba,
kulia, daima kulia, alisema, ukienda kushoto
itajifungua yenyewe siku una wageni.
Mpira wa kutolea maji uinue kwanza hadi kiunoni
ndipo uushushe kwenye bomba la sinki,
la sivyo uchafu utarudi kukaa ulipotoka.
Na mpira wa kuingizia una raba yake ndogo ndani, usiisahau.

Tukaisahau.

Wasemao maji yakimwagika hayazoleki
hawaishi juu ya Lamara,
anayegonga dari kwa mpini wa ufagio.
Tuliyazoa. Kwa taulo, kwa matambara,
kwa koti langu la reli, tuliyazoa yote.

Jioni, povu la pimamaji likiwa limetulia katikati,
nikabonyeza. Maji yakaingia kwa adabu.
Pipa likazunguka, likaongeza mwendo, halafu mashine ikatembea.
Ikaacha ukuta, ikapita beseni langu bila salamu,
ikafika mlangoni kama mbuzi aliyekata kamba.
Bezhan akaikalia. Kilo mia na kumi za Bezhan,
nayo ikambeba.

Nikampigia Tsiala, nikamwonyesha.
Alicheka mpaka bibi Nunzia nyuma yake akaanza kucheka
bila kujua kwa nini.
"Nugzari, umetoa boliti za mgongoni?"
Boliti zipi?
"Nne. Hushika pipa lisiyumbe safarini.
Ukifika unazitoa, ndipo lizunguke."
Nikaigeuza. Zilikuwepo, zimekaza, ndefu kama vidole.
Akanyamaza kidogo.
"Mimi zangu bado," akasema,
kisha akaitwa kwa jina la mtu mwingine, akaitika, akaenda.

Sasa inazunguka. Inavuma chini chini
kama mtu anayesoma barua peke yake.
Bezhan kanywa glasi zake mbili kaenda kulala,
kaniambia nitupe vyuma vile.
Lakini kijitabu, ukurasa wa tisa, kinasema:
zitunze, utazihitaji mashine ikisafiri tena.
Nimeziweka kwenye kopo la vifungo vyake.
Gauni lake la nyumbani liko msumarini nyuma ya mlango.
Hilo sijalitia.
Mashine inauliza joto; nimejibu arobaini.
Koki kuu bado inadondosha. Nimeiwekea beseni.