Kwa Mfinyanzi wa Taa, Kutoka Makoroboi

Nkwimba kanitumia picha yako kwenye simu.
Si yako hasa: ya taa yako,
udongo mwekundu, ndogo kama kiganja cha mtoto,
mgongoni jogoo amechorwa, mkia juu,
na chini, kwenye kitako, dole gumba lako
lililozama kabla udongo haujakauka.

Anasema ni ya Warumi. Anasema miaka elfu mbili.
Anasomea huko kazi ya kutunza vitu vya kale,
anavaa glavu kushika vijiko.
Kwenye kioo wameandika:
"Taa. Udongo. Matumizi ya nyumbani."
Jina lako hawakuliandika; hawalijui.

Mimi ni Mbuke wa Budeba,
mfua bati, kibanda cha tatu chini ya jabali,
hapa Makoroboi, mtaa uliopewa jina la taa
kama mtu anavyopewa jina la babu.
Makopo ya maziwa, makopo ya dawa ya mbu,
tunayapasua, tunayanyoosha kwa nyundo,
shingo tunaibana, utambi tunaupitisha:
kipande cha shuka, au pamba ya Magu
ikiwa imebaki kwenye gunia la mtu.
Lehemu ikitokota, usipige chafya.

Nimeikuza picha mpaka ikavunjika vipande.
Nilikuwa natafuta mdomo wa taa.
Mweusi! Nikacheka peke yangu.
Nkwimba anasema masizi wamekatazwa kuyasugua,
kwani masizi ndiyo ushahidi.
Laiti mama angeyasikia hayo.
Kila Jumamosi alinikalisha na majivu na gunzi
nisugue koroboi mpaka ing'ae,
na asubuhi shuleni tulipenga kamasi nyeusi
sote tuliosomea mtihani kwa mwanga mmoja.
Ushahidi tuliupenga, tukaufutia kwenye sketi.

Kando ya taa kuna vitu vingine:
sindano ya mfupa, kitana kilichopukutika meno,
kete za kamari (moja, anasema, imechongwa ili idanganye),
kiatu cha mtoto, cha mguu mmoja,
na ndoana.
Ndoana nilimwonyesha Bwire wa Ukara
aliyekuja kununua koroboi nne, mteja wangu pekee wiki hii.
Akaitazama kama mtu anayetazama picha ya shemeji.
"Sato hachomoki hapa," akasema, "ila sangara ataikunjua."
Kisha akaomba punguzo.

Kwa maana sasa kila duka lina taa za jua,
na usiku ziwa lote linawaka balbu za betri;
dagaa wanazifuata zile. Silaumu. Hata mimi ninayo moja,
inachaji juu ya paa.

Jana umeme ulikatika, nikawasha ya kwangu,
nikajaribu jambo la kijinga:
nikakandamiza dole kwenye lehemu ya moto
nione kama bati litanikumbuka.
Bati halikumbuki. Lilichukua ngozi,
likaniachia lengelenge, likapoa, laini, kama si mimi.
Na baadaye kutu. Kopo halifiki hata miaka ishirini
katika unyevu huu wa ziwa.
Hakuna atakayevaa glavu kwa ajili yangu.

Basi nimepaka asali, nimefunga kitambaa,
na kwa mkono wa kushoto nakuandikia, fundi kwa fundi,
nikuulize yale ambayo kioo hakikusema:
huyo jogoo, ulimchora kwa kuwa alipendwa sokoni
au kwa kuwa alikuwa wako, anakunyima usingizi?
Taa moja uliuza kiasi gani?
Walilipa taslimu,
au nawe ulikuwa na ukuta
uliojaa mistari ya mkaa,
mmoja kwa kila taa iliyokwenda gizani
na haijalipwa?