Figa la Tatu

Kwetu Kisiwani tunaliita Gereza,
ingawa hakuna aliye hai anayemjua mfungwa wake hata mmoja.
Mwalimu Likwenu alituambia darasani
kwamba neno hili lilishuka na Wareno, na kwao lilikuwa kanisa.
Likavuka mdomo hadi mdomo,
likafika kwetu limeshika funguo.

Walilijenga mbiombio, kama mtu anayekomea mlango
huku akitazama nyuma.
Matumbawe ya kwetu, maji ya kunywa ya kwetu,
mizinga ndiyo ilikuwa yao.
Miaka saba, wakafungasha.
Homa haikujua kusoma bendera.

Popo wakapanga humo karne nzima nzima bila kodi,
hadi walipokuja wa kutoka Omani,
wakasimamisha ukuta juu ya ukuta,
wakatundika mlango wa nakshi,
wakakaa kivulini kuhesabu:
pembe, watu, pembe, watu.
Hapo Mwalimu alikuwa anakohoa, anafuta ubao
ambao haukuwa na kitu.

Nao wakaondoka.
Bamvua likaanza kula pembe ya kaskazini,
jiwe baada ya jiwe, pasipo papara,
kama kibogoyo na muwa wake.

Na sisi tukala upande wa pili.
Hili sikulisoma shuleni, hili nimelila.
Kizingiti cha banda la mbuzi la kina Shaweji: Gereza.
Ngazi ya chini pale kisimani: Gereza.
Na jikoni kwa bibi yangu, Somoe binti Mfaume,
mafiga matatu, mawili ya kuokota ufukweni,
la tatu lina ukingo ulionyooka mno,
ukingo wa patasi.

Mwaka wa ukarabati nilipata kibarua cha chokaa.
Tulichoma matumbawe mpaka yakawa meupe kama mchele wa sikukuu,
tukayatia majini, yakanguruma ndani ya pipa
kama yanakumbuka.
Fundi mkuu, Ngwali, mtu wa Unguja,
akapita nyumba kwa nyumba, kofia mkononi:
"Jamani, mwenye jiwe la Gereza alirudishe.
Hatutauliza."

"Hatutauliza!" Bibi hakuinua hata uso motoni.
"Kwani waliolijenga waliuliza?
Jiwe hili limeivisha wali wa arubaini ya mume wangu.
Miaka hamsini linakula moshi wangu.
Mfalme gani wa Ureno amelikalia hivyo?"
Ngwali akacheka, akavaa kofia, akaenda kwa kina Shaweji.

Usiku ule sikusema neno.
Alfajiri nikalikuta figa mlangoni,
limesuguliwa kwa mchanga na kumbi la nazi,
lakini masizi hayakutoka, masizi yana ukaidi wa ukoo.
"Chukua kabla sijaghairi," akasema kutoka ndani.
"Figa moja haliinjiki chungu, hilo kila mtu analijua.
Juu ya mawili hakuna aliyesema kitu.
Na uso wenye masizi ukae nje."

Nikalibeba begani, zito kuliko lilivyoonekana jikoni.
Ngwali akaligeuza, akaguna.
Kanuni, alisema, zinataka jiwe safi.
Nikamwambia aende akamweleze mwenyewe.
Akatazama maji: yalikuwa yameshaanza kupanda,
na chokaa ilikuwa inashika.
Akanyoosha kamba, akaligonga mara tatu kwa mpini wa mwiko,
akaliacha.

Ukifika, tafuta pembe ya kaskazini,
mstari wa saba kutoka chini. Kuna doa jeusi.
Wageni hulipiga picha, na kijana anayewatembeza
huwaambia hiyo ni baruti.
Mimi huwa niko hapo karibu, nachunga mbuzi wasiingie,
sisahihishi.

Nyumbani chungu kinakaa juu ya mawe mawili
na kipande cha tofali la saruji.
Kimelalia upande wa bahari,
wali unaungua upande huo huo kila siku,
na Bibi, akikwangua ukoko,
anawalaumu Wareno.