Noti ya Tatu

Tarumbeta ililala uvunguni miezi mitano,
imeviringishwa kitenge,
kama panga linalofichwa baada ya ugomvi.
Leo nimeitoa. Shaba imeota kutu ya kijani mdomoni.
Nimeisugua kwa majivu na ndimu,
saa tisa usiku, jikoni, bila taa,
nisimwamshe Kalunde,
ambaye hakuwa amelala.

Bendi hukutana makaburini kabla ya jogoo wa pili.
Ndivyo tufanyavyo Wamoraviani wa Sikonge kila Pasaka:
tunawapigia wafu tukiwa tumesimama miguuni pao,
umande ukipanda suruali hadi magotini.
Miaka kumi na miwili nimepiga hapa
nikiwa mgeni.
Safari hii nina mwenyeji.

Milembe. Kwa Kinyamwezi ni amani,
na amani yenyewe ilizaliwa na selimundu.
Aliyahesabu maumivu kama karanga kiganjani:
leo goti, jana kifua, juzi vidole vyote.
Siku njema alibonyeza vitufe ovyo, mimi nikipuliza,
tukatoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa,
tukacheka mpaka mama yake akatufukuza ndani.

Novemba, usiku, damu ilikuwa Tabora
na sisi tulikuwa Sikonge.
Pikipiki ya Kasubi, mvua ya kwanza, yeye katikati yetu.
"Baba, unanibana."
"Sikubani," nikasema,
na nilikuwa nimembana.
Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho.

Watu walikuja na mikeka na Biblia.
Mzee wa kanisa akasema dhahabu hupita motoni.
Nikamwuliza: mtoto ni dhahabu, au ni kuni?
Akanywa chai yake.
Mwingine akasema Bwana huchuma lililo zuri kwanza.
Mimi ni mrina asali. Mzinga ukifunuliwa
kabla nyuki hawajayafunga masega,
huku kwetu tunalijua jina la aliyefanya hivyo,
na si jina la Mungu.

Bibi Nyanzobe peke yake hakuleta mstari.
Alileta mzigo wa kuni,
akafua mashuka ya Milembe, akayaanika, akaketi.
Jioni akayaanua, akayakunja, akaenda zake.
Kesho yake akarudi. Na keshokutwa. Wiki mbili.
Sijui kama alisali.
Ana vidole saba; vingine ukoma ulivichukua
angali msichana, na kwa hivyo saba
alikuwa anakamua shuka mpaka tone la mwisho.

Nimeifikiria mikono ile usiku mwingi.
Bwana alipofufuka angeweza kurudi mzima,
ngozi laini, kana kwamba hajawahi kuguswa.
Akarudi na matundu yake.
Wale waliojifungia chumbani bila shaka walikuwa na maswali,
kama mimi.
Akawaonyesha mikono.
Sisemi nimeelewa.
Nasema nimeacha kungoja barua ya maelezo.
Na kama maumivu yana maana, haikuwa imeandikwa juu yake
ili niisome; labda huwekwa humo baadaye,
na mtu anayekuja na kuni.
Labda. Kuna siku hata hili silikubali.

Saa kumi na mbili na robo.
Juu ya miombo pamepauka kama maziwa yaliyotiwa maji.
Mchungaji Kapungu anainua mkono.
Msalaba wa mti wa mninga, ule mdogo, haujapoteza rangi bado.
Noti ya kwanza inatoka. Ya pili.
Ya tatu inavunjika:
mbuzi aliyekanyagwa,
mbele ya waumini mia mbili.

Na kule nyuma, Kalunde anacheka.
Amejishika tumbo, kanga mdomoni, machozi yanamtoka,
anacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze,
na wanawake waliomzunguka hawajui wamshike au wamwache.

Sikuirudia.
Nilivuta pumzi, nikapiga ya nne.