Saba na Bibi

Kibaigwa, foleni ya mizani imelala.
Chilewa anachomoa karata mfukoni mwa koti,
hamsini na mbili, pembe zimelika
kwa vidole vya vumbi la mahindi.
"Zichange mwenyewe, Mama Nyendo, mimi sizigusi.
Nitajie aina mbili tu."
Saba, anasema. Na bibi.
"Basi humo ndani wamelala ubavu kwa ubavu,
au katikati yao kuna mmoja tu,
kama mgeni kitandani."

Anafunua. Ree, pau, shupaza,
hao!
Saba ya kopa, bibi wa uru.
Wabeba magunia wanaruka: ana jini huyu!
Soda inafunguliwa.

Mimi ndiye niliyehesabu naye usiku, kwa kibatari,
daftari zima likaisha kwa vijistari:
katika kumi, anapata saba.
Zile tatu hununua soda yeye
na kucheka kuliko wote.

Leo amekosa mara nne mfululizo.
"Ya tano lazima," namwambia.
"Karata haina deni na mtu," ananong'ona,
akipapasa mfuko mtupu,
macho yake kwenye kiwingu upande wa Kongwa
na uwele tulioupanda juzi, kavu.