Mfuko wa Kaki

Sindano nazijua.
Miaka ishirini na sita barazani, Ngamiani,
nazitia uzi bila miwani,
nazibana mdomoni huku nikibishana na wateja,
nazichomeka kwenye kola ya shati,
na usiku mke wangu anazitafuta kitandani kwa kupapasa.
Sindano moja kwangu hufunga mwaka.

Kwa hiyo Nesi Shemdoe wa Bombo aliponiambia,
"Hii ukichoma mara moja, basi,"
nilicheka kidogo. Uchumi gani huo?
Hakucheka.
Alimtazama Zaituni, miaka tisa, miguu haijafika sakafuni,
ameshika kichupa kwa vidole vyote kumi
kama aliyepewa kifaranga.

Friji hatuna.
Anayo Bi Mwantumu, jirani, muuza barafu za ukwaju.
Akasema, "Mwanao ni mwanangu, leteni,"
na kwa mapenzi yote ya dunia
akaiweka dawa juu kabisa, penye baridi kuliko pote,
ubavuni mwa barafu za mia mia.

Asubuhi ilikuwa jiwe.
Adhuhuri imekuwa maji tena, maangavu.
Nikaiinua nikaikagua kama ninavyokagua jora:
sikuona doa, sikuona uzi uliokatika.
Nguo ikilowa huanikwa, niliwaza,
ikikunjamana hupigwa pasi.
Nikampigia nesi, nikitaka aseme ndiyo.
"Iliyoganda imekufa, fundi. Mwaga."

Nilimwaga nyuma ya choo
ujira wa kanzu nne.
Bi Mwantumu alisimama pale, mkono kinywani,
na siku tatu mfululizo akawa ananiletea chai
bila kusema kitu.

Sasa tuna vyungu viwili, kimoja tumboni mwa mwenziwe,
katikati mchanga wa mto usioruhusiwa kukauka,
juu kipande cha khanga kilicholoweshwa;
maandishi yake yamefutika,
limebaki neno moja: JIRANI.
Vimekaa kwenye pembe yenye kivuli, mbali na jiko.
Februari, bati linapolia kwa joto,
nikitia mkono mle nakuta alfajiri.

Na mfuko nimeushona mwenyewe.
Kaki ya sare, katikati sponji ya godoro,
bitana nyeupe, ili uchafu ukose pa kujificha.
Pa kichupa. Pa pamba na spiriti.
Pa sindano mpya, kila moja ndani ya karatasi yake.
Na kijifuko cha pipi mbili,
kwa saa ile vidole vinapoanza kumtetemeka.

Zilizotumika haziingii humo.
Hizo hudondoka kwenye chupa ngumu ya sabuni,
tangu siku Kibwana, mtoto wa nyumba ya pili,
alipookota moja jalalani akaniletea mbio:
"Fundi, sindano yako imeanguka!"
Nilijua si yangu.
Nikamkagua kiganja, kidole kwa kidole,
kisha nikakaa chini.
Siku hizi chupa ikijaa naifunga,
naifikisha Bombo kwa baiskeli yangu.

Tulipokwenda Muheza arusini
kondakta alitaka mfuko uingie kwenye buti.
"Huu haulali karibu na injini," Zaituni akamwambia,
akaupakata njia nzima,
upande usio na jua,
na kila kituo alichungulia ndani
kama mama mwenye mtoto wa arobaini.

Jana jioni ameingia, ametua begi la shule.
Amenawa kwa sabuni mpaka viwikoni.
Jana yake ilikuwa tumbo, kwa hiyo jana ni paja.
Amechoma, amehesabu taratibu, amechomoa,
chupa ya sabuni imesema *tak*.
Halafu akanigeukia,
mimi na pindo langu, na chuma kati ya midomo.

"Baba, hiyo umeinunua lini?"

Nikaitoa mdomoni.
Sikuwa na jibu.
Nikainuka, nikanawa mikono,
nikarudi kwenye kanzu ya watu
vidole vikidondosha maji.